Baipleni za kale: kagua gundi kabla ya kusifia rangi

Ndugu Mhariri,

Sisi ni mafundi na marubani tunaoshughulika na ndege za kale za mabawa mawili, zile ambazo bawa moja hukaa juu ya jingine na katikati pamefungwa nguzo na nyaya. Baipleni inapopita nchini, magazeti yetu huipiga picha, husifu rangi yake na mlio wake, kisha habari huishia hapo. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2016, msafara wa Vintage Air Rally ulipotoka kisiwa cha Krete kwenda Cape Town na kupita Kenya na Zanzibar. Msomaji aliyebaki na hamu ya kumiliki ndege ya namna hiyo, au kijana wa ufundi anayetaka kuihudumia, hakuambiwa aanzie wapi. Tunaomba nafasi tueleze, kwa sababu watu wengi hutumia fedha zao mahali pasipostahili. Wanapaka rangi, wanashona viti vya ngozi, halafu ndege inawashinda kwa gundi iliyoachia, kwa chuma kilichopasuka kusikoonekana, au kwa kukaa bandani mwaka mzima bila kuruka.

Ndege hizi si ngeni kwetu. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways jijini Nairobi pamoja na rubani Tom Campbell Black, na kazi ikaanza kwa Gipsy Moth, ndege ndogo ya mbao na kitambaa. Uwanja wa Wilson una jina la mama huyo hadi leo. Mwaka 1931 Imperial Airways ilifikisha barua za London hadi Kisumu na Mwanza, na kipande cha mwisho cha safari kilifanywa na Short Calcutta, ndege ya kutua majini yenye injini tatu na mabawa mawili. East African Airways nayo ilipoanza mwaka 1946 ilikuwa na Dragon Rapide sita, baipleni za mbao zenye injini mbili. Kwa hiyo abiria wa kwanza wa shirika hilo walikaa ndani ya ndege iliyoshikwa kwa gundi na nyaya, wakafika walikokwenda.

Duniani ndege hizi zimesalia kwa juhudi za watu waliozikusanya maisha yao yote. Richard Shuttleworth wa Old Warden, Uingereza, alinunua Moth yake yenye namba G-EBWD mwaka 1932, na ndege hiyo, pamoja na mkusanyo alioanzisha, imebaki palepale Old Warden ingawa mwenyewe alifariki kwa ajali ya ndege ya kijeshi mwaka 1940. Huko Marekani, Cole Palen alinunua ndege sita za enzi ya Vita vya Kwanza mwaka 1951, makumbusho ya Roosevelt Field yalipofungwa, akajenga uwanja wake wa Old Rhinebeck na kuzirusha mbele ya watu. Mikusanyo yote miwili imefundisha vizazi vya mafundi, kwa kuwa ndege inayorushwa lazima ifunguliwe, ikaguliwe na irekebishwe. Ile inayotundikwa darini huachwa na kasoro zake.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki, aina zinazofaa kufikiriwa ni mbili. De Havilland Tiger Moth iliruka mara ya kwanza tarehe 26 Oktoba 1931, na zilitengenezwa zaidi ya 8,000. Michoro na idhini za kiufundi za aina hii ziko mikononi mwa kampuni ya de Havilland Support huko Duxford, hivyo fundi akikwama ana pa kuuliza. Stearman Model 75 ilitengenezwa Wichita, Marekani, nayo kwa idadi inayopita 8,000. Injini ya Tiger Moth ni Gipsy Major ya nguvu-farasi 130, nayo hunywa takriban lita 30 kwa saa. Stearman yenye Continental R-670 ina nguvu-farasi 220 na hunywa lita 45 au zaidi. Maoni yetu ni haya: mtu wa Pwani achukue Tiger Moth, mtu wa Nairobi, Nakuru au Arusha achukue Stearman. Sababu ya kugawa hivyo tutaifikia.

Tuanze na mbao, maana ndiko fedha zinakopotea. Bawa la ndege hizi lina mihimili miwili ya mti wa sprusi, mmoja mbele na mmoja nyuma, na juu yake zimepangwa mbavu nyembamba zilizounganishwa kwa gundi na vipande vya plaiwudi. Ndege zilizojengwa kabla ya Vita vya Pili nyingi zilitumia gundi ya kasini, inayotokana na maziwa. Gundi hiyo ina nguvu ikiwa kavu, lakini ikipata unyevu kwa muda mrefu huota ukungu, na ukungu huila. Baadaye zikaja gundi za yurea, mfano Aerolite, ambazo hustahimili maji vizuri zaidi lakini huzeeka kwa joto na kuwa kama kioo: kiungo kinaonekana kizima, ukikigonga kinaachana. Gundi ya resosinoli, inayoacha mstari mwekundu uliokolea kwenye kiungo, ndiyo tunayoiamini kuliko zote kwa hali ya hewa ya kwetu, ila inataka mbao zibanwe sawasawa na zikutane bila mwanya, kwa sababu haijui kuziba nafasi. Epoksi huziba mwanya, lakini baadhi yake huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi. Bawa lililopakwa rangi nyeusi au buluu nzito likiachwa kwenye jua la Mombasa hufika huko. Ndege iliyounganishwa kwa epoksi ipakwe nyeupe, krimu au njano, na mnunuzi asikubali kubishana juu ya hilo.

Kukagua mbao hakuhitaji mashine. Fungua vidirisha vyote vya ukaguzi chini ya bawa na unuse kwanza. Harufu ya uvundo maana yake kuna maji au ukungu, na hapo usisikilize maelezo ya muuzaji. Gonga viungo kwa mpini wa bisibisi kutoka ncha ya bawa hadi kwenye shina. Kiungo kizima hutoa mlio mkavu, kilichoachia hutoa mlio wa debe tupu. Tazama mahali bolti za chuma zinapopita kwenye mbao. Doa jeusi kuzunguka tundu la bolti ni alama kwamba maji yameingia na chuma kimeanza kutu ndani ya mti, na mara nyingi tundu lenyewe limeshapanuka. Kisha chukua tochi, uilaze karibu kabisa na uso wa mhimili ili mwanga upite kwa ubavu, utafute mstari mwembamba unaokata nyuzi za mti kwa upana, kama mkunjo wa karatasi. Huo ni mvunjiko wa kugandamizwa. Hutokea ndege ilipopinduka kichwa chini juu ya nyasi, au bawa lilipogonga ardhi wakati wa kutua, na tajiri wake akabadilisha ncha ya bawa tu. Mhimili wenye mstari huo haupigwi kiraka. Unatolewa.

Kuhusu kubadilisha mbao, tunasema kwa nguvu: sprusi haioti huku, na fundi seremala mzuri atakushauri utumie podo, saiprasi au mvule. Mkatalie kwa heshima. Mhimili ulikokotolewa kwa uzito na nguvu ya sprusi yenye nyuzi zilizonyooka, ambazo mteremko wake hauzidi 1 kwa 15, na pete za ukuaji zisizopungua 6 kwa kila inchi. Ukiagiza mbao, iache kwenye banda lilelile itakamofanyiwa kazi kwa wiki kadhaa kabla ya kuikata, ili unyevu wake utulie. Lengo ni asilimia 8 hadi 12. Kiungo cha mshazari kwenye mhimili kiwe na urefu wa angalau mara 10 hadi 12 ya unene wake, na usikiweke kamwe mahali penye bolti ya nguzo.

Kitambaa ni hadithi nyingine, nacho kina ubaya mmoja: kinaficha kila kitu tulichokitaja hapo juu. Zamani ilikuwa kitani cha Ayalandi au pamba ya daraja la ndege. Pamba mpya inatakiwa kuhimili mvuto wa kilo 36 kwa kila inchi ya upana. Ikishuka chini ya kilo 25 hivi, ndege haina ruhusa ya kuruka. Siku hizi wengi hutumia poliesta iliyoidhinishwa, mfano Ceconite, na sisi tunaiunga mkono kwa ndege inayolala nje ya Ulaya, kwa sababu pamba na kitani huoza upesi kwenye unyevu na jua letu. Poliesta hubandikwa kwa gundi yake pembeni, kisha hukazwa kwa pasi. Pasi ya kwanza iwe nyuzi 120, ya pili 150, ya mwisho 175, nawe upite bawa zima kwa kila joto kabla ya kupanda hatua inayofuata. Usiamini namba zilizoandikwa kwenye kitufe cha pasi. Ipime kwa kipimajoto cha uso, kwa kuwa pasi za nyumbani hutofautiana hata kwa nyuzi 25. Ukipita 175 kitambaa hulegea na hakikazi tena. Kazi yote inachanwa na kuanza upya. Kosa la upande wa pili ni kukaza kupita kiasi kwenye ndege nyepesi, mbavu zikapinda na ukingo wa nyuma wa bawa ukawa na mawimbi.

Baada ya kukaza, kitambaa hushonwa kwenye kila ubavu kwa uzi uliopakwa nta, sindano ikitoka juu na kurudi chini, na fundo likifungwa kwa namna isiyoteleza. Umbali kati ya mishono mara nyingi ni milimita 60 na ushei, lakini karibu na bodi, pale upepo wa propela unapopiga, mishono husogezwa karibu zaidi kama kitabu cha ndege kinavyoagiza. Mshono ukikatika mmoja, wa jirani hubeba mzigo wake, na kitambaa cha juu huanza kuvutwa mbali na ubavu ndege ikiwa angani.

Halafu dopu, yaani rangi ya kukazia na kuzuia maji. Tabaka za kwanza ni za naitreti kwa kuwa hushika nyuzi vizuri, zinazofuata ni za butireti kwa kuwa haziwaki upesi. Naitreti huwaka kwa ghadhabu. Lowesha sakafu, vaa pamba, unganisha fremu na ardhi kwa waya, na usiruhusu simu wala taa ya kawaida karibu. Pwani kuna tatizo la ziada: hewa ikiwa na unyevu mwingi, dopu inapokauka hupoa, huvuta maji na kuwa na utando mweupe kama maziwa. Utando huo si doa tu, ni tabaka dhaifu litakalobanduka. Dawa yake ni kuongeza kimiminika cha kuchelewesha ukaukaji, kufanya kazi saa za adhuhuri siku kavu za kaskazi, na kuahirisha kabisa wakati wa masika. Juu ya tabaka hizo hupakwa dopu yenye unga wa alumini, ambayo kazi yake ni kukinga jua. Weka taa ndani ya bawa usiku. Ukiona mwanga unapenya, ongeza tabaka. Mwisho kabisa, toboa vitundu vya kumwaga maji kwenye ukingo wa nyuma, kila chumba cha bawa. Vipete vyake hubandikwa wakati wa kuvika, lakini mafundi wengi husahau kukata kitambaa katikati ya kipete, na maji hukaa juu ya mbao miaka mitano bila mtu kujua.

Sasa chuma kisichoonekana. Chini ya sakafu ya chumba cha rubani wa Tiger Moth kuna tairodi, yaani fito za chuma, zinazokatiza bodi kutoka upande mmoja hadi mwingine, zikishika mashina ya mabawa ya chini. Desemba 2013, karibu na pwani ya Queensland, Australia, Tiger Moth ilipoteza mabawa ya kushoto ikiwa angani na watu wawili waliokuwemo wakafariki. Wachunguzi wa serikali walikuta tairodi zote mbili zimekatika mahali penye nyuzi za kufungia nati, palipokuwa na nyufa za zamani zilizotokana na chuma kuvutwa na kuachiwa mara nyingi mno. Ufa wa namna hiyo hujificha ndani ya nati. Huwezi kuuona kwa tochi wala kuusikia kwa kugonga. Ndiyo maana tairodi zimewekewa ukomo wa saa 2,000 za kuruka au miaka 18, lolote litakalotangulia, na ukomo wa miaka unaihusu hata ndege isiyoruka. Mnunuzi adai karatasi ya asili ya tairodi: nani alizitengeneza, kwa idhini gani, na zilifungwa lini. Kama hakuna karatasi, hesabu kwamba hazifai na uzibadilishe kabla ya safari ya kwanza. Ni kipande kidogo kuliko propela, na uhai wa watu wawili umeshikwa hapo.

Nyaya za nje zinahitaji macho tu na uvumilivu. Zile zinazotoka chini kwenye bodi kwenda juu kwenye ncha hubeba ndege ikiwa angani. Zinazotoka juu kwenda chini hubeba mabawa yenyewe ndege ikiwa imetua. Wakati wa kuzikaza, bodi hulazwa sawa kwa pimamaji mbele na kando, kipande cha katikati cha bawa la juu kikanyooshwa kwanza kwa kupima mishazari yake miwili hadi ilingane, kisha ndipo mabawa ya nje. Anayeanzia nje atazunguka siku nzima akirekebisha kosa moja kwa jingine. Kila mwisho wa waya una tundu dogo la ukaguzi: chomeka waya mwembamba, na ukipenya moja kwa moja basi nyuzi za skrubu zilizoingia hazitoshi. Waya wenye mkwaruzo wa kupita kwa upana hutupwa. Waya unaotetemeka angani kuliko wenzake ama umelegea ama umezungushwa, ukingo wake mwembamba haujaelekea mbele. Na tafadhali, anayesukuma ndege asishike waya. Ashike shina la nguzo.

Kwenye injini kuna jambo moja linaloua mashine na jingine linaloua watu. La kwanza ni oili kujikusanya ndani ya silinda. Silinda za Gipsy Major zimening'inia kichwa chini, na za chini za Continental ya Stearman vilevile, kwa hiyo ndege ikikaa siku kadhaa oili huweza kuteremka ikapita pistoni na kujaa mahali pa kuwakia. Oili haigandamiziki. Injini ikishika katika hali hiyo, konrodi hupinda, na mara nyingi haivunjiki siku hiyo bali saa kumi au ishirini baadaye, ikiwa angani. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, swichi zikiwa zimezimwa, propela huzungushwa kwa mkono taratibu, silinda zote zipite. Ikigoma, usiilazimishe wala usiirudishe nyuma ukidhani umetatua, maana kwenye injini ya mviringo, kama Continental ya Stearman, oili huingia kwenye bomba la hewa na kurudi mara inapowaka. Toa plagi za silinda za chini, imwage, rudisha plagi.

La pili ni propela yenyewe. Tiger Moth haina stata wala breki. Matairi huwekwa kabari, mkia hufungwa kwenye kigingi kama hakuna msaidizi, na ndani anakaa mtu anayejua, fimbo ameivuta nyuma. Aliye nje ndiye anayeongoza, naye husema kwa sauti na kujibiwa kwa sauti: mafuta yako wazi, swichi zimezimwa, mkono wa mafuta (ule wa kuongeza nguvu ya injini) umefungwa. Kidude cha kabureta hubonyezwa hadi petroli idondoke, propela inazungushwa mapanga manne hivi ili silinda zivute, ndipo swichi zinawashwa na mkono wa mafuta kufunguliwa kidogo. Vidole vikae bapa juu ya panga, visikunjwe kwenye ukingo wake. Sukuma chini kwa nguvu huku mwili ukienda nyuma na pembeni, usiinue mguu kuelekea propela. Injini ikiwa imenywa kupita kiasi, zima swichi, fungua mkono wa mafuta wote, zungusha propela kinyume mapanga manane au zaidi, uanze upya. Na propela ichukuliwe kuwa hai wakati wote, hata funguo zikiwa mfukoni, kwa sababu magneto, kifaa kinachotoa umeme wa cheche za plagi, huzimwa kwa waya unaoipeleka ardhini. Waya huo ukikatika, swichi huonyesha imezimwa na magneto inaendelea kufanya kazi.

Sasa ile sababu ya kugawa Pwani na bara. Uwanja wa Wilson uko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Saa saba mchana, joto likiwa nyuzi 28, hewa yake huwa nyepesi sawa na ya mwinuko wa futi 8,400 hivi katika hali ya kawaida. Gipsy Major ya nguvu-farasi 130 hapo hubakiwa na karibu 97. Ndege ileile inayopaa kwa raha Tanga itatafuna nyasi nyingi bara, kisha itapanda polepole mno kuelekea vilima. Anayeirusha bara aondoke alfajiri, ajaze nusu ya tangi la lita 86, na ahakikishe mkono wa kupunguza petroli unafanya kazi, maana kwenye Tiger Moth nyingi umefungwa au umeondolewa, na injini iliyojaa petroli kwenye hewa nyepesi hupoteza hata kile kidogo kilichobaki. Rubani aliyezoea ndege za Marekani akumbuke pia kwamba Gipsy huzungusha propela upande wa pili: wakati wa kupaa pua inakimbilia kulia, na mguu unaohitajika ni wa kushoto.

Kutua ni kwenye majani, dhidi ya upepo. Lami bila breki, na mkia unaoburuzika kwenye chuma, ni mwaliko wa ajali. Uzito wa ndege uko nyuma ya matairi ya mbele, hivyo mkia ukianza kukimbilia pembeni utaendelea kukimbilia hadi bawa liguse chini, isipokuwa miguu imeuzuia mapema. Miguu isilale hadi ndege isimame kabisa.

Mmiliki asiyepata nafasi ya kuruka hudanganywa na wazo la kuwasha injini dakika kumi bandani kila Jumamosi. Hilo ni baya kuliko kutoiwasha. Uchomaji wa petroli huzalisha maji, maji huingia kwenye oili, na dakika kumi hazitoshi kuipasha oili hadi maji hayo yatoke. Yanabaki yakila kamshafti. Ndege iruke angalau nusu saa kila baada ya wiki mbili. Kama haiwezekani, injini ihifadhiwe rasmi: oili ya kuhifadhia, plagi zenye dawa ya kunyonya unyevu, matundu yote yazibwe. Nyigu wa kwetu hujenga ndani ya bomba la kupimia kasi na kwenye kitundu cha hewa cha tangi la petroli kwa siku moja tu, na kitundu hicho kikizibwa petroli haishuki. Panya nao hupenda mabawa. Mkojo wao hula kitambaa na chuma kwa pamoja. Viziba vyote viwe na utepe mwekundu unaoonekana kutoka mbali.

Kuna ombi tunalotaka lisomwe na wenye mabohari ya zamani Nairobi, Dar es Salaam, Zanzibar, Entebbe na Kisumu, na familia za mafundi wa East African Airways waliokwisha kutangulia. Vitabu vya kumbukumbu za ndege, vya injini na vya propela, hata vikiwa vimeliwa na mchwa nusu, vina thamani, kwa sababu ndege isiyo na mfululizo wa kumbukumbu haipati kibali kirahisi. Ukikuta kibati chenye namba ya mtengenezaji, usikibandue kwenye kipande kilichokishika. Ukikuta silinda, magneto au nguzo ya bawa, usiipige msasa wala kuipaka rangi. Ifute kwa kitambaa kikavu, paka oili nyepesi kwenye chuma, funga kwenye karatasi ya nta, na uandike imetoka wapi. Mbao zisianikwe juani. Ziwekwe kivulini, zikiwa zimeinuliwa kutoka sakafuni na zikiwa na hewa chini yake, mpaka fundi mwenye leseni azione.

Mafundi na marubani wa ndege za kale,
Nairobi